Njia yako inavikwepa vijiji

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nyumbani wote wazima, natumaini nanyi huko hamjambo. Miezi mitatu sijakuandikia na ungekuwa na haki ya kuninunia. Badala yake umeniletea ramani ya safari yetu ya baiskeli! Nimeifungua palepale, kabla hata sijamaliza kusoma ujumbe wenyewe. Ahsante sana.

Sasa nikuambie ukweli, maana tukianza kufichana mimi na wewe nani ataambiana na nani? Njia ni nzuri, ila imenikosesha usingizi. Kilomita 118, karibu zote changarawe, na mstari wako haugusi kijiji hata kimoja. Kila panapotokea nyumba kwenye ramani, unapinda na kuzunguka. Nilidhani macho yangu, nikahesabu kwa kidole: vijiji sita, na vyote sita umevipita kwa mbali.

Nahisi najua ulichokuwa unatafuta. Utulivu, na mwendo usiokatizwa. Tangu ulipoanza kufuatilia yale mashindano ya Emporia kule Kansas, ya maili 200 kwa siku moja, umekuwa unaipima safari kwa urefu wake. Sikulaumu, hata mimi yale mambo hunisisimua. Lakini sisi tutakuwa na shemeji na goti lake, na binti wa Mwalimu ambaye tairi lake halijawahi kutoka nje ya lami.

Basi Jumamosi nikatoka peke yangu kwenda kuijaribu sehemu ya kati, kilomita ya 40 hadi ya 75.

Nianze na vilima. Nchi ya vilima ina hadaa yake. Hakuna mlima wa kukutisha, kwa hiyo unaondoka na moyo mkunjufu. Kumbe unapanda mita 30, unazishuka zote, unazipanda upya, na hakuna mahali pa kusema nimemaliza. Kwa kilomita 35 zile nilipanda jumla ya mita 610. Zidisha hadi mwisho uone: zaidi ya mita 2,000, tena juu ya kokoto zinazoteleza. Kwenye lami ukichoka unasimama juu ya pedali unasukuma kwa uzito wa mwili. Hapa ukisimama, uzito unahamia mbele na gurudumu la nyuma linazunguka bure. Inabidi ukae kwenye siti, uiname kidogo, uwe na gia nyepesi kweli. Binti wa Mwalimu ana gia za lami tu. Naomba umwambie mapema abadilishe, asije akashuka na kusukuma kila kilima akadhani tatizo ni miguu yake.

Halafu ile barabara ndefu uliyoitumia kukwepa kijiji cha tatu. Swahiba, ile ni njia ya malori. Imejaa mawimbi kama bati la paa, kilomita saba nzima. Mawimbi yale hayachongwi na mvua, ni magurudumu yenyewe: yakienda kasi yanarukaruka, yanapiga udongo palepale, na kila linalopita linachimba shimo la mwenzake. Nilijaribu kushoto, nikajaribu kulia, nikajaribu pembeni kabisa kwenye nyasi. Chupa yangu ya maji ilichomoka, nikaisikia tu ikibingirika nyuma. Vidole viliendelea kutetemeka hata baada ya kusimama. Na kile kinjia cha kijijini ulichokikataa kinakwenda sambamba na barabara hiyo, hakifiki hata mita 400 kutoka hapo, kimeshindiliwa na miguu ya watu na baiskeli mpaka kimekuwa laini kama sakafu. Nilirudi nacho, kwa hiyo sikisifu kwa kukisikia.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni daraja la kilomita ya 61. Kwenye ramani lipo. Kabla sijafika nikakutana na mzee anasukuma baiskeli kupanda mteremko, mzigo wa majani nyuma umefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Tukasalimiana. Akaitazama njia niliyokuwa naielekea, akaniuliza, "Unakwenda mtoni kufanya nini?" Mbao za daraja zilichukuliwa na maji, anasema, siku nyingi. Akaiegemeza baiskeli kwenye kiuno, akaokota kijiti, akanichorea vumbini: mto huu, kijiji hiki, na huu hapa mgongo wa kilima. "Pita mgongoni," akasema, "watu wote wa hapa tunapita mgongoni."

Nilipita mgongoni. Unajua kwa nini njia za zamani hupenda migongo? Maji ya mvua hutelemka pande zote mbili, kwa hiyo juu hakuna mito ya kuvuka wala matope ya kukaa. Na unaona mabonde kulia na kushoto, kijiji kimoja baada ya kingine. Nilisimama pale nikakukumbuka sana.

Ndiyo maana nasema usivikwepe vijiji. Njia inayoungana na kijiji ina mtu aliyeipita leo asubuhi. Anajua daraja limekwenda wapi, kisima kipo wapi, na mteremko upi una mchanga chini. Njia isiyo na kijiji inaweza kuwa imefungwa na vichaka miaka mitano na ramani haijasema neno.

Hata zile barabara nyeupe za changarawe za Toscana, Italia, tulizozitazama pamoja siku ile, zinatoka kijiji hadi kijiji, mashamba hadi mashamba. Walipoanzisha ile safari ya baiskeli ya L'Eroica mwaka 1997, watu 92 tu, nia ilikuwa kuzinusuru zisimwagiwe lami. Mashindano makubwa ya Strade Bianche yalikuja baadaye, 2007. Watu wamevuka bahari kwenda kupanda barabara za wakulima. Na wewe unazo mlangoni, unazizunguka!

Nisisahau tairi. Najua unapenda yajae upepo hadi yawe mawe. Tafadhali, safari hii punguza. Tairi gumu linadunda juu ya kila kokoto, na kila likidunda umepoteza mshiko. Mimi nimeweka ya milimita 40, bila tyubu, ndani yana ile dawa ya kuziba pancha. Shemeji bado anatumia tyubu, kwa hiyo yeye asipunguze sana, jiwe likiibana tyubu kwenye rimu linaacha matundu mawili kama meno ya nyoka. Abebe tyubu mbili.

Na kijijini tutapita polepole, kokoto zisiwarukie watu, vumbi lisiingie majumbani. Hilo litatupunguzia kasi ndiyo, lakini dakika tano kwa kijiji, mara sita, ni nusu saa. Nusu saa, swahiba, kwa maji, kivuli na habari za njia.

Mvua ikinyesha siku mbili kabla, hayo yote niliyoandika tuyaweke kando. Udongo wa bonde la pili ni mfinyanzi, unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu haligeuki.

Nimekuchorea upya sehemu ya kati, kilomita 31 badala ya 35, inapita mgongoni na kugusa vijiji vitatu. Umeiona? Utakubali tupunguze na mwisho pia, tuishie kilomita 90? Goti la shemeji likoje, au anasema limepona kama kawaida yake? Kipande cha kilomita ya 80 na kuendelea uliwahi kukipita mwenyewe, au umekichora tu mezani? Nani atamwambia Mwalimu kuhusu gia, mimi au wewe? Na wewe mwenyewe hujaniambia, ule mkono uliouangukia bado unauma ukishika breki?

Nijibu kabla ya Jumatano. Alhamisi nina nafasi, nataka kwenda kukikagua kile kipande cha mwisho, na ukiweza kuja twende wote.

Wako daima.