Barua kwa dada yangu wa Kibera

Bombo, Uganda, Jumanne usiku

Dada yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza lini utamleta mtoto amshike kabla hajaanza kutembea. Mvua inanyesha tangu Ijumaa, njia ya kuingia kwetu imekuwa tope tupu, na leo sina kazi. Ndiyo nikasema nikae nikujibu kwa kirefu.

Umesema picha zako za nje ni nzuri, lakini ukiingia ukumbini watu wanatoka nyuso nyeupe kama wamemwagiwa unga, na nyuma yao kiza kama wako kisimani. Umeniuliza pia nilifanyaje ile picha ya bibi aliyekaa mkekani usiku wa hina, nilinunua flashi gani. Sikununua, dada. Ni ile ile uliyoniachia siku unaondoka kwenda kuolewa, ya betri nne, yenye mlango wa betri unaofungwa kwa mpira.

Nikusimulie kwanza siku iliyoniumiza. Mwaka juzi niliitwa kupiga picha za kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya bwana kutambulishwa kwa wazazi wa binti, huku huku Luweero. Unajua kwanjula ilivyo: wageni wa bwana hema moja, wenyeji hema lingine, wanatazamana, wasemaji wanatupiana maneno, mabinti wanatoka kundi kwa kundi kupiga magoti na kusalimu. Wenyeji walikuwa wamepamba hema lao kwa kitambaa cha zambarau, dari yote mpaka chini kwenye nguzo. Nami nilikuwa nimetoka kujifunza kwamba flashi haielekezwi usoni mwa mtu. Unainua kichwa chake, mwanga unapiga dari, unarudi chini umelainika. Nikafanya hivyo hivyo kwa muda wa karibu saa nne. Kwenye kioo cha kamera, na jua lile, sikuona kasoro. Usiku nilipofungua kompyuta nikakuta watu wa zambarau. Senga, shangazi wa bibi harusi, alivaa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, ya rangi ya dhahabu. Kwenye picha imekuwa kahawia, na shavu lake limekuwa kama biringani.

Nikajaribu kusahihisha. Nikiondoa zambarau usoni, majani ya nje yanageuka kijani cha kutisha, kwa sababu majani hayakuguswa na flashi, yana mwanga wao wa jua. Picha moja, mianga miwili, kila mmoja na rangi yake. Siku tatu nilikaa nayo. Nikamrudishia yule binti nusu ya malipo. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Dada, hakuna hata moja ambayo mama yangu ana rangi yake?"

Neno lile sijalisahau. Tangu siku hiyo sikutafuta tena flashi kubwa wala lenzi ya bei. Nilitafuta namna ya kumpa kila mama rangi yake.

Nilianzia sebuleni kwetu, usiku, baada ya isha. Nilimkalisha yule mtoto wa kaka yangu, wa miaka kumi na minne, kwenye kigoda, shati jeupe na koti jeusi la baba yake juu, na nyuma yake mbali kidogo nikaweka taa ya mezani. Nikaitoa kamera kwenye otomatiki. Picha ya kwanza, shata, yale mapazia ya kamera yanayofunguka kuingiza mwanga, niliiweka 1/200 ya sekunde. Mtoto anaonekana, taa ya nyuma ni nukta tu. Sikugusa kitu kingine, nikashusha shata mpaka 1/50. Mtoto yule yule, mwanga ule ule usoni, lakini sasa taa imeamka, ukuta umeonekana, kalenda imeonekana. Nilikaa nikizitazama zile picha mbili muda mrefu. Flashi inawaka kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, pengine chini ya hapo. Kwa hiyo shata ikikaa wazi kidogo au sana, flashi haijali, imeshamaliza kazi yake. Anayejali ni mwanga wa chumba, yeye anaingia polepole muda wote shata iko wazi. Tundu la lenzi, lile linaloandikwa f/ na namba, na ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, zinawagusa wote wawili. Shata inagusa chumba peke yake.

Hicho ndicho kisima chako, dada. Kamera ukiiachia mambo yake yenye flashi juu, mara nyingi inafunga shata haraka, inampiga mtu mwanga na kuuacha ukumbi gizani. Ukumbini anza hivi: ISO 1600, tundu f/4 au f/2.8, shata 1/60. Kwanza zima flashi, piga picha ya ukumbi mtupu. Usipoona mapambo, taa na keki hata kwa ufifi, bado hujaruhusu chumba kiingie. Ukishaviona, washa flashi, mpe mtu kiasi kinachobaki. Na usivuke 1/200 au 1/250, kutegemea kamera yako, maana juu ya hapo mapazia mawili ya shata hayafunguki yote kwa pamoja na utapata mstari mweusi upande mmoja wa picha. Nilidhani lenzi yangu imevunjika siku ya kwanza nilipouona.

Jambo la pili ni umbali, na hili nilimwonyesha mtoto kwa hatua. Mwanga wa flashi ukienda mara mbili ya umbali, haupungui nusu, unabaki robo. Mita moja ukiwa mmoja, mita mbili ni robo, mita nne ni sehemu moja ya kumi na sita. Sasa fikiria picha ya familia, watu safu mbili, nawe umesimama karibu kwa kuwa ukumbi umejaa: wa mbele wameungua, wa nyuma wamezama. Rudi nyuma. Ukisimama mbali, tofauti kati ya safu ya kwanza na ya pili inakuwa ndogo, mwanga unawafikia karibu sawa. Utahitaji flashi iwe na nguvu zaidi, lakini shangazi wa safu ya nyuma naye atakuwa na uso. Hao wa safu ya nyuma ndio wanaoulizia picha kwanza, nadhani umeshaona.

Halafu mwanga uutoe wapi. Dari nyeupe, ya kimo cha kawaida, mita tatu hivi, ni neema. Lakini ukiupiga juu tu, unashuka wima, na macho yanakuwa mashimo mawili, hasa kwa wazee wenye macho ya ndani. Mimi nafunga kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa nywele, ili mwanga kidogo ujitokeze mbele, uingie machoni. Na bora kuliko dari ni ukuta. Geuza kichwa cha flashi kando, au hata nyuma ya bega lako, kama kuna ukuta mweupe au wa maziwa. Mwanga unamjia mtu kutoka ubavuni kama kutoka dirishani, shavu moja linang'aa, la pili lina kivuli chepesi, na uso unapata umbo lake. Kwa ngozi zetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, kwa ule mstari wa mwanga unaofuata mfupa wa shavu. Flashi ya mbele inaupasua mstari huo, inaacha doa la jasho kwenye paji la uso, na gomesi za hariri inazigeuza kioo.

Nilisoma kwamba zamani za filamu, kwenye maabara za picha walikuwa na kadi ya kupimia rangi, yenye picha ya mwanamke mzungu. Za Kodak ziliitwa kadi za Shirley. Mashine ilirekebishwa mpaka yule mwanamke aonekane vizuri, na basi. Nikakumbuka albamu ya harusi ya mama, ile ya jalada jekundu, ambamo bwana harusi ana meno na kola tu. Kumbe mpiga picha wa mama huenda hakuwa mbaya!

Kamera za leo ni bora, lakini kipimo chao bado hakimjui mtu. Kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Akijaa bibi harusi na shela jeupe kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso wake unakuwa giza. Wakijaa wazee wa kanzu nyeupe, vivyo hivyo. Wakijaa wanaume wa suti nyeusi inafanya kinyume, inaongeza mpaka nyuso zinapauka. Kwa hiyo nikiona nyeupe nyingi naongeza mwanga, nikiona nyeusi nyingi napunguza, na mara zote nautazama uso kwanza, nguo baadaye. Shela likipoteza nyuzi chache za nakshi, sawa. Uso hapana.

Sasa bibi wa mkekani. Ulikuwa usiku wa wanawake, nyumba ya jirani zetu nyuma ya soko. Chumba kidogo, dari ya mbao iliyopakwa bluu, kwa hiyo dari sikuigusa. Balbu moja ya manjano, ya zamani. Nilimwomba mama mwenye nyumba shuka jeupe, nikalining'iniza kwenye mlango wa chumba cha pili, nikaelekeza flashi huko. Juu ya flashi nilibandika kipande cha plastiki ya rangi ya machungwa, ile ya kuchujia mwanga, kwa sababu mwanga wa flashi ni kama wa mchana, kama 5500 kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, na balbu ile ni kama 2800. Usipovivalisha rangi moja, bibi anakuwa wa samawati ndani ya chumba cha manjano. Ukishaivalisha flashi, unaiambia kamera tuko chini ya balbu, na vyote viwili vinarudi kawaida. Shata 1/30. Wanawake walikuwa wanacheza doluka, ngoma yetu ya Kinubi, na gurbaba zao, zile nguo za kujifunga, mikono na pindo za nguo zikafutika kidogo kwa mwendo, na bibi, aliyetulia akipiga makofi polepole, akatoka wazi kabisa. Ukikuza picha utaona hina kwenye kucha zake, na shuka limo machoni mwake, dirisha dogo jeupe katika kila jicho.

Picha hiyo nilikutumia wewe kwa ruhusa yake. Nyingine za usiku ule wanawake walikuwa bila mitandio, ziko kwao tu, nami nilizifuta kwenye kompyuta yangu mbele ya mama wa bibi harusi. Huko Kibera najua ni hivyo hivyo, lakini mwambie na yule kijana anayekusaidia.

Mengine haraka. Kanisani mwulize padri au mchungaji kabla, usingoje akukatishe katikati ya viapo. Wengi hawataki flashi. Lenzi ya 50 mm yenye f/1.8, ISO 3200, shata 1/125, utapata. Taa za LED za bei nafuu zinapepesa na umeme wetu wa 50 Hz, mara 100 kwa sekunde, na ukiona michirizi ya giza inapita kwenye picha shusha shata 1/100 au 1/50. Mpiga video zungumza naye asubuhi, kwa upole, mjue taa yake itasimama wapi. Akiishikilia mbele ya uso wa bibi harusi kazi zenu zote mbili zimeharibika. Na betri, dada. Nilikosa pete mara moja, flashi ilikuwa bado inajaza, nikasikia ule mluzi wake mwembamba huku kidole kikivishwa. Tumia za kuchaji za NiMH, zinajaza upesi kuliko za kawaida, beba seti tatu, na usipige nguvu yote ya flashi kama nusu inatosha.

Jumamosi nina harusi Wobulenzi. Jana nilipanda taksi kwenda kuutazama ukumbi, siku hizi siendi kazini bila kupaona mahali. Dari ni mabati matupu, marefu, yamepakwa kijani. Kuta ni za matofali mekundu. Upande wa jukwaa kuna dirisha moja kubwa lakini sherehe ni ya jioni. Nimeazima mwavuli mweupe na stendi, mtoto wa kaka ataushika pembeni ya meza kuu, kushoto, juu kidogo ya vichwa vyao, na shuka la mama nimeshalifua. Lingekuwa limekauka, mvua haijaniruhusu kulianika.

Nitumie picha ya ukumbi wako wa mwezi ujao, mtupu, dari na kuta zionekane, nikuambie ningesimama wapi.

Msalimie shemeji, na umbusu mtoto.

Ni mimi, dada yako wa Bombo