Kesi za jinai zina malipo yake, vijana msizikimbie

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niongee na hawa mawakili wapya wanaotoka Kenya School of Law, manake kila nikikutana na mmoja kortini nikamuuliza anataka kazi gani jibu ni lile lile, mashamba na makampuni, kuuziana ploti, kuandikisha biashara, na ukimtajia kesi za jinai anakuangalia kama umemwambia akavue papa kwa mikono. Na si wao tu. Kwetu hapa Mombasa kwenye harusi watu wakiulizana kazi nasikia mashangazi wakisema "huyu ndie yule anaetetea wezi", wanacheka, halafu wiki ya pili kijana wao kabebwa kwenye msako na anaepigiwa simu saa nane ya usiku ni mimi.

Pesa sitawadanganya. Zile kesi za mauaji ambazo korti inakupa umtetee mtu asiejiweza, vile Katiba kifungu cha 50 kinavyotaka, malipo yake ni madogo na yanakawia, na wateja wa kujilipia wengi ni wa kutuma kidogo kidogo kwa M-Pesa, leo elfu mbili mwezi ujao kimya. Ila sijaona kazi nyingine ya sheria ambapo swali moja tu likiulizwa vizuri mtu analala kwake.

Chukua kesi ya wizi wa mabavu, adhabu yake kwenye vitabu ni kunyongwa (hakuna alienyongwa Kenya tangu 1987 lakini hukumu inasomwa vile vile, na mtu anazimia kizimbani vile vile). Shahidi anasimama anasema nilimtambua huyu, alikuwa na bunduki, ilikuwa usiku. Basi unaanza polepole. Taa ilikuwa upande gani? Ya stima au ya koroboi? Ulimuangalia muda gani, na wakati huo si umeshasema ulikuwa umelazwa kifudifudi? Halafu unaomba ile OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, ya usiku ule ule iletwe, inasomwa, imeandikwa "watu wasiojulikana". Korti nzima inanyamaza, hakimu anainua kichwa, anaandika. Hapo utajua ile miaka ya chuo haikupotea. Na sisemi shahidi ni muongo, wengi wao si waongo kabisa, wameumia na wanataka mtu wa kulipa, ndio maana lazima awepo mtu wa kuuliza habari ya taa.

Lakini mimi raha yangu kubwa iko baada ya hukumu, pale mawakili wengi wanapofunga faili. Sisi hatuna ile bodi ya parole kama wenzetu Tanzania ambao walitunga sheria yao 1994, hapa mfungwa akitaka kutoka mapema njia ni rufaa, mapitio ya hukumu, punguzo la theluthi moja kwa tabia nzuri, au kuandikia ile kamati inayomshauri Rais juu ya msamaha chini ya kifungu cha 133 cha Katiba. Kwa hivyo kazi ya parole huku kwetu inafanywa na wakili mwenye subira na kalkuleta.

Nasema kalkuleta na sio mzaha. Kuna mteja nilimkuta gereza la Shimo la Tewa, alipigana na mwenzake kwenye mangwe, kilabu cha pombe ya mnazi, mwenzake akafa, akahukumiwa miaka 12 ya kuua bila kukusudia. Akanitolea karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, zimekunjwa mpaka zimeanza kukatika, nikasoma waranti, ile amri ya korti ya kumpeleka gerezani, nikaona kifungo kinahesabiwa kuanzia siku ya hukumu. Nikamuuliza rumande ulikaa muda gani, akasema miaka mitatu, hakupata wa kumuwekea dhamana. Sasa sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, sehemu ya 333(2), inasema muda wa rumande lazima uzingatiwe. Piga hesabu: miaka 12 toa theluthi inabaki 8, toa 3 za rumande inabaki 5, na yeye tangu ahukumiwe zile 5 keshazipita na anakula ugali wa serikali wakati deni keshalipa. Maombi yenyewe yalikuwa kurasa nne. Jaji hakuchukua muda, akaamuru hesabu ianze siku aliyokamatwa. Hakuna ufasaha wowote pale, ni kusoma karatasi ambayo hakuna mtu alikuwa ameisoma.

Na wako wengi. Tangu ile hukumu ya Muruatetu, mfungwa aliepinga hukumu yake ya kifo, Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliposema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji, watu waliokuwa wamekata tamaa walianza kurudi kortini kuhukumiwa upya. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba inahusu mauaji peke yake, wale wa wizi wa mabavu wakabaki wameduwaa, na mimi hapo bado roho haijatulia. Kwenye hizi kesi ripoti ya afisa wa probeshen ndio kila kitu, anakwenda mpaka kijijini anauliza chifu, anauliza jamaa za marehemu kama mtu akirudi itakuwaje. Nimesoma ripoti ambapo ndugu wa marehemu anasema arudi tu, tumeshazeeka wote. Nimesoma na nyingine mama amesema akimuona njiani atamuua yeye mwenyewe, na yule mama ana haki ya kusikizwa kama mteja wangu, sitabishana na hilo.

Kwa hivyo nyinyi vijana, hizo ploti zipo hazikimbii. Toeni Ijumaa moja kwa mwezi muingie gereza lililo karibu nanyi, wafungwa wenyewe wanavijua vifungu kuwashinda, kazi yenu itakuwa kuwasomea waranti na kuwaandikia maombi. Mbebe kitambulisho, kadi ya uwakili na kalamu mbili maana moja mtaombwa, simu mtaiacha getini, na mfike mapema kabla hawajahesabiwa kwa chakula cha mchana.

Wakili wa jinai,
Kisauni, Mombasa