Taarifa ya mwenyekiti kwa mwaka huu: taa za UV, trei zetu na jua la bure

Ndugu wanachama habarini. Mambo ya hesabu mhazini ataweka mwenyewe, mimi naomba nafasi yangu niitumie kwa hili la taa za UV, yaani mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ambazo wengine wanataka tumulike chipukizi tunazokuza kwenye trei ziwe na virutubisho zaidi, maana mwaka mzima kila kikao ajenda zikiisha tu kuna mtu ananyoosha mkono, mwenyekiti taa tunanunua lini.

Kwanza hilo la UV kuongeza virutubisho tusiseme ni uongo, sio uongo. Mmea ukipigwa na UV-B, ile yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 mpaka 315, unajihami. Ndani una protini inaitwa UVR8, mwaka 2011 wanasayansi walionyesha ndo inayoihisi hiyo mionzi, na ikishaamka mmea unaanza kutengeneza vitu vya kujikinga kama kwesetini na kemferoli unavirundika kwenye ngozi ya jani ili mionzi isipenye, na bahati nzuri ndo hivyo hivyo sisi tunavitaka kwenye sahani. Jamii ya kabichi wana na glukosinoleti zao, vile vitu vinavyozipa ule ukali, nazo UV-B kidogo huwa inazipandisha. Ila angalieni brokoli, watafiti wa Johns Hopkins kule Marekani mwaka 1997 walionyesha chipukizi za siku 3 zina glukorafanini, moja ya hizo glukosinoleti, mara 10 mpaka 100 kuliko brokoli iliyokomaa, na hapo hakuna aliyewasha taa yoyote ya UV. Yaani faida kubwa mnayo tayari kwenye kuvuna mapema, taa inakuja kuongezea tu.

Na kuna vitu haiongezi kabisa. Chuma na zinki haviji na mwanga, vinatoka kwenye mbegu na kwenye udongo au maji unayotumia. Vitamini C majibu yanapishana, mmea huu inapanda ule haipandi. Vitamini D aliyoulizia mama mmoja ni habari ya uyoga jamani, uyoga ukianikwa juani unatengeneza D2, aina moja ya vitamini D, mchicha na figili hazina hiyo kazi.

Sasa linaloniuma ni hili. Wengi wetu tumejenga vibanda vya polikaboneti, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga, vizuri kweli kweli, lakini polikaboneti inazuia karibu UV yote, na kioo cha dirisha nacho UV-B haipiti. Yaani tunalipa kuzuia mionzi halafu tunataka kuchanga tununue taa ya kuirudisha! Na hapa Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, kila mita 1,000 UV inaongezeka kama asilimia 10, halafu ikweta sio mbali. Kwangu trei za kabichi nyekundu nilizozitoa nje siku za mwisho kabla ya kuvuna, asubuhi kwa muda mfupi tu, mashina yalikoza zambarau mpaka chini, za ndani zikabaki na kale karangi ka waridi. Sisemi ni UV peke yake, nje kuna mwanga mwingi zaidi na upepo pia, na hatujapima maabara. Kwa hiyo wale mlioandika kwenye lebo eti imeongezwa virutubisho kwa UV naomba mzitoe wiki hii, mteja akituuliza cheti tutajificha wapi.

Ukizidisha UV nako ni hasara, majani yanajikunja, mmea unadumaa, uzito unashuka na sisi tunauza kwa gramu.

Halafu zile taa walizouziwa baadhi yenu mwezi ule, kasha limeandikwa nanomita 254, hiyo ni UV-C ya kuua vijidudu, sio ya kukuzia mboga. Kwenye jua la kawaida UV-C haifiki hata ardhini, hewa ya juu inaimaliza yote. Mwenzetu alikaa karibu nayo ikiwaka akipanga trei, jioni akawa mzima kabisa, usiku macho kama yametiwa mchanga. Msiziwashe mkiwa chumbani, na watoto wasiguse.

Wanaochipuza choroko na uwatu nao nawasihi, msiache kuosha mbegu kwa sababu kuna taa. Mwanga hauingii kwenye nyufa za mbegu, na chipukizi zinaota kwenye joto na unyevu, bakteria wanapenda hapo hapo. Ujerumani mwaka 2011 chipukizi za uwatu ziliwaugulisha watu karibu 4,000 na zaidi ya 50 wakafariki, na chanzo kinachoaminika ni mbegu zenyewe. Mbegu za dukani za kupanda zilizopakwa dawa hazichipuzwi za kula, hilo nimelisema mpaka nimechoka.

Basi kamati inapendekeza tusinunue taa, hela iende kwenye mbegu safi zisizo na dawa kwa bei ya jumla, na anayejenga kibanda kipya aache sehemu moja ya kufunua. Pingeni kama mna hoja, tutapiga kura. Wanaotaka tujaribu pamoja trei za nje na za ndani, mbegu moja siku moja, wampe katibu majina kabla ya kikao na waje na trei zao, chama hakina za kugawa.