Barua ya malalamiko: kondensa mbovu na kii ya chuma katika seti ya vipuri vya injini ya zamani

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Vipuri vya Mashine za Bustani.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SETI YA VIPURI VYA INJINI YA SILINDA MOJA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninalalamikia seti ya vipuri niliyoinunua kwenu ili kufufua mashine ya kukatia nyasi yenye injini ya Briggs & Stratton, ya miaka ile ambayo cheche ilikuwa bado inatokana na pointi (ncha mbili zinazogusana na kuachana ili kukata umeme) na kondensa (kifaa kidogo kinachopokea umeme kwa muda) zinazokaa chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, kabla mtengenezaji hajaanza kutumia mfumo wa kielektroniki mwaka 1982. Katika seti hiyo kondensa ilikuwa mbovu kabla haijafungwa popote, na kii ya flaiwili, yaani kipande kidogo kinachoiweka flaiwili mahali pake kwenye mhimili, ilikuwa ya chuma, ilhali injini hiyo haitakiwi kabisa kufungwa kii ya chuma. Nilipowaeleza hayo, ofisi yenu ilinijibu kwamba mashine imezeeka na kwamba ingekuwa afadhali ninunue mpya. Jibu hilo siwezi kulikubali, kwa sababu kilichozeeka ni mashine, na vilivyo na kasoro ni vipuri vipya mlivyoniuzia ninyi.

Nianze na kondensa. Mashine ilipofika mikononi mwangu cheche yake ilikuwa dhaifu, na nilipong'oa flaiwili na kufungua kifuniko cha pointi nilikuta nyuso za pointi zimeshika uchafu mweusi, jambo la kawaida kwa injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Kwenye injini za aina hii ncha ya kondensa ndiyo pointi mojawapo, kwa hiyo anayebadilisha pointi hubadilisha vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana nilinunua seti nzima. Niliingiza waya kwenye tundu dogo la kondensa kwa kubana springi yake kwa kibonyezo cha plastiki mlichokiweka kwenye pakiti, nikasogeza kondensa mbele na nyuma hadi geji ikaonyesha mwanya wa milimita 0.5 pointi zikiwa zimeachana kikamilifu, kisha nikaibana. Nilihakikisha pia kwamba koili inayozalisha cheche iko umbali wa milimita 0.3 kutoka kwenye sumaku ya flaiwili na kwamba mwanya wa plagi ni milimita 0.76. Hivyo ndivyo vipimo vya mtengenezaji wa injini, na nimevitaja kwa sababu barua yenu ilidokeza kwamba huenda sikupima.

Injini iliwaka kwa shida, ikakohoa kwa muda mfupi na kuzima. Cheche ilikuwa ya njano na nyembamba, haina nguvu ya kuruka mwanya wa plagi sawasawa. Nilipofungua tena kifuniko nilikuta nyuso za pointi, ambazo zilikuwa zimeingia zikiwa safi na zinang'aa, tayari zimeungua na kugeuka rangi ya bluu iliyokolea pembeni. Fundi yeyote wa injini ndogo anajua maana ya alama hiyo. Kazi ya kondensa ni kupokea umeme katika nukta ile ile ambayo pointi zinaachana, ili usiruke kati yake. Kondensa ikishindwa, umeme huruka na kuzichoma pointi, na koili nayo haipati ule mkato wa ghafla wa umeme unaozalisha cheche kali. Niliipima kondensa yenu kwa mita na ikaonyesha chini ya nusu ya kiwango kinachotakiwa, ambacho kwa injini hizi ni takriban mikrofaradi 0.2. Kisha nilichukua kondensa ya awali, ile iliyokuja na mashine, nikaisugua ncha yake kwa msasa laini, nikaifuta kwa karatasi safi isiyo na mafuta, nikairudisha mahali pake kwa vipimo vile vile. Cheche ilirudi ikiwa ya buluu, inapasuka kwa sauti inayosikika, na injini ikawaka. Sikubadilisha kitu kingine chochote kati ya majaribio hayo, na kwa hiyo hakuna mahali pengine pa kutupia lawama.

Suala la kii ni zito zaidi, na ninaomba mlisome kwa makini hata kama la kondensa mtalichukulia kuwa bahati mbaya ya pakiti moja. Niligundua tatizo kabla sijaifunga: nilipoileta karibu na flaiwili, sumaku iliivuta na kuinasa. Kii halisi ya injini hii ni ya madini laini na sumaku haiigusi. Si kwamba mtengenezaji alibana matumizi. Flaiwili hushikwa kwenye kranki (mhimili mkuu wa injini) na umbo la koni la mhimili pamoja na nguvu ya nati iliyokazwa vizuri, na kii kazi yake ni kuiweka flaiwili mahali panapostahili ili cheche itoke kwa wakati. Kisu kikigonga jiwe au kisiki, kranki husimama ghafla huku flaiwili nzito ikiwa bado inataka kuzunguka, na hapo kii laini hukatika na kuokoa vilivyobaki. Mwenye mashine hukuta injini haiwaki au inarudisha kamba kwa kishindo, anafungua, anaona kii imekatika, anaweka nyingine, na kazi inaendelea.

Kii ya chuma haikatiki, na mshtuko wote huishia kwenye mfereji wa kranki ambamo kii hukaa na kwenye flaiwili yenyewe. Mfereji ukipanuka, hakuna kii itakayokaa tena sawasawa. Flaiwili ikipata ufa ni hatari kwa mtu aliyesimama nyuma ya mashine, kwa maana inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Tena kwa injini ya umri huu kranki na flaiwili si vitu vya kuagiza kirahisi. Mara nyingi hupatikana tu kwa kuchinja mashine nyingine. Yaani kipuri kidogo kilichouzwa kwa jina la kufufua injini kingeweza kuiua moja kwa moja, na kumjeruhi mtu juu yake. Ninasikitika kusema kwamba mnunuzi asiyezijua injini hizi angeifunga bila wasiwasi wowote, kwa kuwa kwenye pakiti yenu imeandikwa kuwa inafaa kwa injini hiyo.

Diaframu (utando mwembamba) ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, nayo ilifika ikiwa imekunjwa katikati, na mkunjo wake haukunyooka. Hilo ningeweza kulivumilia.

Jambo nisiloweza kulivumilia ni hoja ya umri. Orodha yenu ya bidhaa inazitaja injini hizi waziwazi na inawaalika wenye mashine za zamani kununua kwenu. Kampuni inayokubali kulipwa kwa ajili ya injini ya zamani haiwezi kuugeuza uzee wa injini hiyo kuwa utetezi pale kipuri kinapoharibika. Mashine hizi zilijengwa ili zifunguliwe kwa spana za kawaida na kurekebishwa na mtu aliye tayari kujifunza, na wengi tunaozihifadhi tunawategemea wauzaji kama ninyi kwa vitu vidogo ambavyo hatuwezi kuvitengeneza wenyewe.

Kwa hiyo ninaomba mnirudishie fedha zote za seti hiyo pamoja na gharama ya usafirishaji. Ninaomba pia, na hili nalipa uzito kuliko fedha, mwache mara moja kuuza kii hiyo ya chuma na muwaarifu kwa maandishi wote waliokwisha kuinunua, ili waitoe kabla kisu hakijagonga kitu. Seti zijazo ziandikwe madini ya kii na kiwango cha kondensa juu ya pakiti, ili mnunuzi aweze kukagua kabla ya kufunga. Ninaomba jibu la barua hii liandikwe na mtu aliyewahi kufungua injini ya namna hii, nami nitalisubiri kwa siku 14 tangu mtakapoipokea. Nisipolipata nitayafikisha malalamiko haya kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Nimeambatisha stakabadhi ya malipo, picha za pointi zilizoungua, picha ya mita ikionyesha kipimo cha kondensa, na picha ya kii ikiwa imenaswa na sumaku ya flaiwili. Vipuri vyenyewe ninavyo, na nitavituma mara mtakapovihitaji kwa uchunguzi.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu