Maneno kwanza, kitufe baadaye: barua ya wazi kwa wanafunzi wa radiografia

Mombasa

Wanangu mnaosomea radiografia, kazi ya kupiga picha za eksirei,

Assalaam aleikum, na wasio Waislamu miongoni mwenu pokeeni salamu zile zile za heri.

Nawaandikia kwa sababu karibu mtakabidhiwa kitufe. Kuendesha mashine mtafunzwa na yeyote aliye na subira. Linaloniuma mimi ni picha za kurudiwa. Picha ikirudiwa, mgonjwa amepigwa mionzi mara mbili kwa kosa lisilo lake. Tangu tuingie kwenye mitambo ya dijitali, sababu kubwa ya kurudia ni mkao: kifua kimepinda, mapafu hayakujaa, ncha ya pafu imekatwa. Na mkao mara nyingi huharibika kwa kuwa mgonjwa hakuelewa alichoambiwa. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya ndimi na mikono yenu.

Tuanze na pumzi. Neno "pumua" ni mtego. Wengine wakilisikia huvuta, wengi huitoa pumzi nje. Ukimwambia bibi aliyetoka Kaloleni na kikohozi cha mwezi mzima, "Pumua, usipumue," atashusha pumzi yote kisha atulie, nawe utapiga mapafu matupu. Diaframu, ule msuli wa chini ya mapafu, itakuwa imepanda, moyo utaonekana mpana kuliko ulivyo, na chini ya mapafu patakuwa na ukungu mweupe unaofanana na nimonia. Mwambie hivi: "Vuta pumzi kwa ndani. Toa. Sasa vuta tena, nyingi kabisa. Ifunge hapo hapo." Ule mvuto wa pili hujaza mapafu kuliko wa kwanza. Mfanyishe mazoezi mara moja kabla ya kupiga, na wakati wenyewe ukifika, macho yako yawe kwake, kidole peke yake ndicho kiende kwenye kitufe. Ukishapiga, mwambie "Haya, pumua." Wapo wanaobaki wameifunga pumzi mpaka jasho linawatoka kwa sababu hakuna aliyewaambia waiachie. Picha ikitoka, hesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya diaframu upande wa kulia. Zikifika kumi, alivuta vizuri.

Kifua cha PA, yaani mionzi ikiingia mgongoni na kutokea mbele, hupigwa mgonjwa amesimama, tyubu ya mionzi ikiwa sentimita 180 nyuma yake, kifua kimegusa ubao wa kupokea picha. Moyo uko mbele, karibu na ubao, ndiyo maana kivuli chake hakikuzwi sana. Mgonjwa aliyelala chali akapigwa AP, yaani mionzi ikiingia mbele, kwa umbali mfupi atatoka na moyo mkubwa wa uongo, na usipoandika kwamba ni AP ya kulala, daktari wa wodi atamwandikia dawa ya moyo asioumwa. Ukingo wa juu wa kaseti, kile kibao cha kunasa picha kilicho ndani ya ubao, upite mabega kwa sentimita 4 au 5. Tafuta kwa kidole ile pingili inayojitokeza chini ya shingo, shuka sentimita 18 kwa mwanamke na 20 kwa mwanamume, hapo ndipo mwonzi wa kati utue. Kidevu kiinuke. Mikono iwekwe kiunoni, viganja vikitazama nyuma, kisha mabega yasukumwe mbele mpaka yaguse ubao. Wengi wenu mtasahau hilo la mabega, na makombe ya mabega yatabaki yamelala juu ya mapafu. Nguvu ya kV (kilovolti) 110 hadi 125 pamoja na gridi, lile chujio la mionzi iliyotawanyika, hutosha watu wazima wengi.

Hapa kwetu kuna joto, na ngozi yenye jasho hunata kwenye ubao. Mgonjwa akijibandua upande mmoja, amekwisha kuzunguka. Futa ubao ukauke, kila mgonjwa na kufutwa kwake, hilo ni la usafi pia. Kisha simama nyuma yake utazame miguu: uzito uwe juu ya miguu yote miwili. Kwenye picha, pima kutoka ncha ya ndani ya kila mtulinga hadi miiba ya pingili katikati. Nafasi zikitofautiana, alizunguka.

Na nguo. Sahani ya chumba cha kubadilishia ijae pini kabla ya picha, isiwe baada. Chini ya ushungi mna pini ambazo mwenyewe hazikumbuki. Nywele za kusuka, hasa zikiwa na shanga au zikiwa mbichi, zikiangukia bega hutoa mistari kwenye ncha za mapafu, na ncha za mapafu ndipo kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa. Zipandishe juu ya kichwa zifungwe. Fulana yenye maandishi mazito ya mpira huonekana. Fundo la leso huonekana pia. Gauni la hospitali likikosekana, leso moja ya pamba, bila fundo, iliyoshikwa kwa mkono ubavuni, inatosha na inamstiri. Mama mwenye matiti makubwa mwombe ayainue na kuyasogeza pembeni yeye mwenyewe kabla ya kuegemea ubao, la sivyo kivuli chake kitaziba sehemu ya chini ya mapafu.

Shanga za kiunoni msimwulize mwanamke kwa sauti ya ukumbini. Mtume mwenzenu wa kike amwulize faraghani, kabla ya picha ya nyonga au tumbo. Hirizi nayo usimkatie mtu wala usimcheke. Mweleze kwamba itaziba mfupa, mwombe aivue mwenyewe ampe aliyekuja naye aishike. Ukimwomba kwa heshima atakubali. Ukimwamuru atakwambia hana kitu, nawe utaigundua kwenye skrini.

Faragha hiyo hiyo ndiyo ya swali la mimba. Msichana ukimwuliza "Una mimba?" mbele ya mamake, jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Mtenge na mamake, umwulize siku zake za mwisho zilianza tarehe ngapi, na umweleze kwa nini unauliza. Zikiwa zimepita muda wake, simamisha umwone daktari aliyeagiza.

Majina pia yana mtego wake. Mji wa Kale kina Ali, Omar na Fatuma ni wengi hata ndani ya nyumba moja. Usiulize "Wewe ni Fatuma Ali?" kwa kuwa mtu mwenye maumivu au asiyesikia vizuri atakuitikia tu. Mwache yeye akutajie majina yote, mwaka wa kuzaliwa na mahali panapouma, kisha ulinganishe na fomu. Fomu ikisema mkono wa kulia naye ameubeba wa kushoto, usipige mpaka ujue ukweli. Alama ya madini ya risasi ya kulia au kushoto iwekwe kabla ya kupiga. Alama ya kuandika kwenye kompyuta baadaye haithibitishi kitu, kwani picha huweza kugeuzwa kwa kubofya mara moja.

Majeruhi wa bodaboda mtawapata kila siku, na wengi huanguka wakijizuia kwa kiganja. Kifundo cha mkono kipigwe pande mbili zilizopishana nyuzi 90, kwa kuwa mfupa uliovunjika bila kuhama huweza kujificha kabisa upande mmoja. Kosa la kawaida ni kumwambia mgonjwa "geuza mkono" naye akageuza kiganja tu. Mifupa miwili ya kigasha haigeuki pamoja namna hiyo, mmoja hujiviringisha juu ya mwenzake. Mshushe kiti mpaka bega, kiwiko na kifundo vilingane juu ya meza, kisha mkono wote ugeuke kutoka begani. Kiwiko kikipigwa kwa upande kikunjwe nyuzi 90 kamili. Kikinyooka, zile tabaka za mafuta zinazofichua damu ndani ya kiungo huhama mahali pake, nasi huzitegemea ufa usipoonekana. Anayeumwa kwenye kishimo cha chini ya kidole gumba aongezewe picha ya skafoidi, kile kifupa kidogo cha kifundo kilicho hapo, kiganja kikiinamishwa upande wa kidole kidogo.

Mzee aliyeteleza bafuni, mguu umefupika na unyayo umelala nje, usimgeuze. Kwa mzima tunaizungusha miguu ndani nyuzi 15 hadi 20 ili shingo ya fupa la paja ionekane kwa urefu wake. Huyu mpige jinsi alivyolala.

Mgema aliyeanguka mnazini akaletwa na kola shingoni, kola ibaki. Picha ya kwanza ni ya upande, mwonzi ukienda sambamba na sakafu, mgonjwa hajasogezwa hata inchi, umbali sentimita 180 kwa sababu bega huiweka shingo mbali na kaseti. Lazima ionekane pingili ya saba ya shingo na mwanzo wa ile ya kwanza ya kifua. Mabega yakiziba, usiwavute mikono watu ambao hujui mabega yao yako salama. Mwite daktari aamue.

Fungeni kolimeta, ile milango inayobana upana wa mionzi, mpaka kwenye sehemu mnayoihitaji. Kuikata picha kwenye kompyuta hakumwondolei mgonjwa mionzi aliyokwisha kuila. Picha ya dijitali iliyopigwa kwa mionzi mingi kupita kiasi hutoka safi, kwa hiyo someni ile namba ya kipimo cha mionzi kwenye skrini kila mara, msiridhike na uzuri wa sura yake. Kwa mashine ya wodini, vuteni waya wa kitufe mpaka mwisho msimame mbali: umbali ukiwa maradufu, mionzi inabaki robo. Mtoto ashikwe na mzazi asiye mjamzito, aliyevaa aproni ya risasi. Mwanafunzi asiwe mshikaji wa kila siku. Mtoto anayelia mpigeni pale anapokatiza kilio kuvuta pumzi. Aproni zitundikwe, zikikunjwa risasi hupasuka ndani na hamtaona kwa macho.

Mwezi wa Ramadhani, ifikapo alasiri, mwenye saumu aliyesimamishwa mbele ya ubao anaweza kuanguka. Mwulize kizunguzungu kabla, uwe na kiti nyuma yake.

Akimaliza, asivae mpaka uione picha. Akikuuliza "Mwanangu, umeona nini?" mwambie picha imetoka vizuri na daktari wake ndiye atakayemsomea. Usimpe uso wa huzuni wala neno "hakuna kitu," kwani vyote viwili atavichukua nyumbani kama majibu. Kisha mpe pini zake zote mkononi, na umwonyeshe kioo kilipo ajifunge ushungi.

Ni mimi, mzee wenu wa chumba cha picha