Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa kaunti yetu: yaangalie magoti ya mabeki wetu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Malindi. Nimecheza beki wa kati miaka 11, jezi namba 5, kuanzia viwanja vya mchanga vya Muyeye mpaka uwanja wa Alaskan. Barua hii naiandika asubuhi watoto wakiwa shule, goti la kulia nimelinyoosha juu ya kigoda, maana nikilikunja kwa muda linakaza na kunyanyuka inakuwa kazi.

Wafungaji wetu tunawasifu, na ni haki yao. Mwaka 2016 Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipofika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Cameroon, bao la kwanza la Kenya alilifunga Esse Akida, binti wa Pwani, dhidi ya Ghana. Tulijazana hotelini mbele ya televisheni moja, tukapiga vigelegele mpaka mwenye hoteli akaacha chapati ziungue. Mwaka 2019 wakachukua kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mjini Dar es Salaam kwa kuifunga Tanzania 2-0, yote mawili ya Jentrix Shikangwa. Lakini katika mashindano yale lango la Kenya halikufungwa hata bao moja. Mechi 5! Ukiuliza hapa mjini nani walikuwa mabeki, watu wanatazamana.

Mimi nawajua, maana nilikuwa nikiwatazama wao tu. Dorcas Shikobe, beki aliyepata kuwa nahodha wa Starlets, alifika mpaka klabu ya Lakatamia ya Cyprus kwa kazi hii ya kuzuia. Nilikuwa nikisema moyoni, kumbe njia ipo.

Ubeki una elimu yake, Mheshimiwa. Unamtazama mshambuliaji kiunoni, miguu inadanganya. Unasimama upande, humrukii. Na hapa kwetu lazima uujue upepo. Kusi likivuma, mpira mrefu unaoupinga husimama hewani kama umefungwa kamba, na beki mgeni huruka mapema ukampita kichwani ukishuka. Mimi mpira wa kusi nilikuwa nausubiri. Washambuliaji wa timu za bara walipotujia mwezi wa Julai nilikuwa nawala wazima wazima.

Ni mpira kama huo ulionimaliza. Niliruka, nikaupiga kichwa vizuri kabisa, nikatua kwa mguu mmoja huku nageuka kumfuata winga wao. Nikasikia ta! ndani ya goti, kama kijiti cha kuni kinavunjwa. Hakuna aliyenigusa. Refa alidhani napoteza muda, akaniashiria niinuke. Mama muuza juisi ya ukwaju nyuma ya lango ndiye aliyekuja mbio. Alichota barafu kwenye ndoo yake, akaifunga kwenye leso aliyojitanda, akaishikilia gotini mpaka tuktuk ikafika. Leso ile ilikuwa nyekundu, na maji ya barafu yalichuruzika mpaka kwenye soksi yangu. Huyo ndiye daktari pekee aliyekuwa uwanjani siku ile.

Zahanati niliyopelekwa niliambiwa nimeteguka tu, nikapewa vidonge. Bibi akanikanda kwa mafuta ya nazi kila usiku. Wiki ya nne nikarudi kucheza, kwa sababu timu haikuwa na beki mwingine, na goti likachomoka mbele ya watu wote. Ndipo nikapelekwa Mombasa, kilomita kama 120, nikapigwa picha: kano ya mbele ndani ya goti (ACL) imekatika. Upasuaji ulihitaji pesa ambazo kwetu hazijawahi kukaa mahali pamoja. Majirani walichanga, Mungu awalipe, lakini hazikufika. Nilikuwa na miaka 23.

Kocha wetu simlaumu. Ni mwalimu, mipira alikuwa akinunua kwa mshahara wake. Hakuna aliyemfundisha kitu ambacho mimi nimekuja kukijua nikiwa nje ya uwanja, kwamba wachezaji wa kike hukatika kano hii zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi bila kuguswa: mtu anatua, anageuka au anasimama ghafla, basi. Tena kuna mazoezi ya kupasha mwili yaliyoandaliwa na FIFA, yanaitwa FIFA 11+, ya dakika 20 hivi kabla ya kucheza: kukimbia, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kusimama kwa mguu mmoja, kukaza mapaja na kiuno. Hayahitaji mashine, na tafiti zimeonyesha yanapunguza majeraha. Dakika 20, Mheshimiwa, na mchanga tunao wa bure.

Ninachokuomba ni hiki. Walete walimu wa mazoezi hayo Malindi, wakae na makocha wa timu za wasichana wa kila wadi mpaka wayajue kwa vitendo, maana karatasi pekee haitoshi. Na siku za ligi ya wasichana awepo fizio mmoja, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, uwanjani, mwenye mamlaka ya kumwambia kocha huyu leo hachezi. Hilo la pili nalisisitiza. Msichana wa miaka 16 anayetaka kuitwa timu ya taifa hatakuambia anaumwa. Mimi sikusema.

Sasa nafundisha mabeki wadogo jioni. Yuko mmoja anacheza na hijabu, mwembamba, ana miaka 14, na kusi ameshalijua kuliko nilivyolijua mimi umri huo. Kila akiruka, mimi natazama miguu yake inavyotua.

Jumamosi saa kumi wanacheza Alaskan. Njoo, Mheshimiwa. Viti vya wageni huwekwa katikati, lakini nakuomba uje huku nyuma ya lango letu, kwa mama wa juisi. Yeye bado yupo na ndoo yake.

Wako,
Beki namba 5, Malindi