Barua kwa mdogo wangu: mtoto akilala siti ya nyuma

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama. Sisi huku Marekani tu wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Nimefurahi kusikia mmepata kituo cha kumlelea mtoto, na kwamba ukirudi kazini shemeji ndiye atakayempitisha asubuhi. Hapo kwenye kumpitisha ndipo penye barua yangu. Mama aliposikia habari za watoto wa huku wanaofia ndani ya magari, aliuliza ni mzazi wa namna gani anayemsahau mwanawe. Kwa heshima zote namjibu: ni mzazi kama sisi, anayempenda mwanawe, ila alfajiri ile hakulala vizuri.

Tangu mwaka 1998 watoto zaidi ya 1,000 wamekufa kwa joto ndani ya magari hapa Marekani, wastani wa 37 hivi kwa mwaka. Mwaka 2018 na 2019 kila mmoja ulivuka 50. Zaidi ya nusu walisahauliwa na mtu aliyekuwa na jukumu la kuwashusha. Karibu robo waliingia wenyewe kwenye gari lililoachwa bila kufungwa. Waliobaki, mtu mzima aliwaacha akijua. Mambo haya ni matatu tofauti na kila moja lina dawa yake, lakini watu huyachanganya, wakadhani yote ni uzembe.

Naanza na kusahau, maana ndiko kunakomhusu shemeji. Ubongo una njia mbili za kukumbuka kazi. Moja ni ya mazoea, ile inayokufikisha nyumbani ukashangaa umefika bila kukumbuka kona ulizopita. Nyingine ni ya kushika jambo la baadaye: nikifika pale nikunje kushoto, nimwache mtoto. David Diamond, mwanasaikolojia wa University of South Florida aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, anaeleza kwamba hizi mbili hushindana, na mazoea hushinda hasa mtu akiwa na usingizi, ana mawazo, au ratiba ya siku imebadilika.

Sasa mtazame shemeji siku ya kwanza. Njia ya kazini ameipita miaka. Mtoto amelala kabla hawajafika barabara kubwa, gari kimya. Simu ya kazini inaita, akili inahamia huko. Kwenye njia panda mikono yake inakunja upande iliouzoea. Akishaipita, hakuna tena cha kumzindua: kiti kinachotazama nyuma kina mgongo uleule, kiwe na mtoto au kitupu. Kibaya zaidi, ubongo humalizia hadithi wenyewe, ukamwaminisha kwamba mtoto keshamshusha. Ndiyo maana wapo wazazi waliokwenda kituoni jioni kumchukua mtoto, wakaambiwa leo hukumleta.

Pengine utauliza kwa nini basi asikae mbele anapoonekana. La, usithubutu. Katika miaka ya 1990 mifuko ya hewa ya upande wa abiria ilipoenea, watoto waliokaa mbele waliuawa na mifuko yenyewe ilipofumuka, ndipo wakahamishiwa nyuma. Uamuzi ule ulikuwa sahihi na umeokoa wengi. Kasoro yake ni moja tu, kwamba mtoto alitoka machoni pa dereva, na hakuna aliyeweka kitu mahali pa yale macho.

Joto lenyewe linakwenda kasi kuliko watu wanavyodhani. Mwanga wa jua unapita kwenye vioo, unapiga dashibodi, usukani na viti, navyo vinatoa joto lisilopata pa kutokea. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2005 vilionyesha kwamba hata siku ya nyuzi joto 22, siku ambayo mtu angeiita ya baridi, ndani ya gari palifika 47 katika saa moja. Sehemu kubwa ya kupanda huko, kama asilimia 80, hutokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Dakika 10 huongeza nyuzi 11 hivi, nusu saa nyuzi 19. Kushusha vioo kidogo hakukubadilisha kitu cha maana. Kivuli nacho kinachelewesha tu. Watafiti wa chuo kikuu cha Arizona State na wa University of California San Diego walipima magari mwaka 2018 siku za joto kali: baada ya saa moja juani hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 47 na dashibodi 69, na kivulini hewa ilikuwa 38. Kwa hesabu yao, mwili wa mtoto wa miaka miwili ungefika nyuzi 40 katika saa moja juani, na katika muda usiofika saa mbili kivulini.

Nyuzi 40 ndiyo mpaka wa kiharusi cha joto, mwili unaposhindwa kujipooza. Zikikaribia 42, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mtoto mdogo anapanda joto kwa kasi mara tatu hadi tano kuliko mtu mzima, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, jasho lake ni haba, na mikanda ya kiti haimruhusu hata kujigeuza.

Kwa hiyo wajibu wenu si kuapa kwamba hamtamsahau. Kila mzazi ameshaapa hivyo. Wajibu ni kuweka utaratibu utakaofanya kazi siku ambayo kichwa kimechoka. Ningekuwa na ruhusa ya kuchagua mmoja tu, ningechagua simu ya kituo. Kubalianeni na mlezi kwamba mtoto asipofika ndani ya nusu saa ya muda wake wa kawaida, na hakuna aliyetoa taarifa, anapiga simu. Anapiga, hatumi ujumbe, maana ujumbe unakaa bila kusomwa hadi chakula cha mchana. Akianza na shemeji na asipopokea, anakupigia wewe, kisha mtu wa tatu, na haachi mpaka sauti ya mtu imemjibu mtoto yuko wapi. Utaratibu huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mlezi anajisemea labda anaumwa. Ya pili ni yenu: mtoto anabaki nyumbani siku mbili bila ninyi kutoa taarifa, mlezi anapiga bure, na mara ya tatu hapigi. Basi asiyempeleka atoe taarifa mapema, kila mara. Na shemeji aweke namba ya kituo iite hata simu ikiwa kimya, kwa sababu huenda akawa kikaoni na simu imezimwa sauti.

La pili ni kuweka nyuma, chini ya miguu ya mtoto, kitu ambacho kazi haianzi bila hicho: kompyuta, kitambulisho cha kufungulia mlango wa ofisi. Simu wengi huisifia, mimi siipendi, maana kwenye foleni mkono utaifuata. Wengine huvua kiatu cha kushoto, na kwa kweli hakuna atakayetembea hatua tatu bila kukigundua. Ila gari lenu lina klachi, mguu wa kushoto una kazi, kwa hiyo shemeji abaki na begi.

Kuna na ile ya mwanasesere: anakaa kwenye kiti cha mtoto kikiwa kitupu, mtoto akiingia anahamia mbele pembeni ya dereva. Ni nzuri wiki mbili za mwanzo. Baadaye anasahaulika huko mbele, jicho linamzoea, na jicho likizoea halioni tena. Mfanye kama nyongeza, asiwe tegemeo.

Na mlango wa nyuma ufunguliwe kila safari, hata siku unayojua gari ni tupu. Hasa siku hiyo, ili mkono uzoee. Wajapani walilifanya sheria kwa mabasi ya chekechea: baada ya mtoto wa miaka mitatu kufia ndani ya basi mwaka 2022, tangu Aprili 2023 mabasi hayo lazima yawe na kifaa cha kuzuia mtoto kuachwa, na aina mojawapo hupiga kelele hadi dereva atembee mpaka nyuma kabisa kukizima. Kituo chenu kikiwa na basi, uliza ni nani anayehesabu watoto wakipanda, nani anawahesabu wakishuka, na nani anatembea hadi siti ya mwisho. Wakikujibu "sote", ujue hakuna anayefanya.

Kuhusu vifaa, Italia imelazimisha kengele kwenye viti vya watoto walio chini ya miaka 4 tangu mwishoni mwa 2019. Magari mengi mapya huku nayo hukumbusha, lakini elewa yanachokumbusha. Mengi hayamwoni mtoto. Yanakumbuka tu kwamba mlango wa nyuma ulifunguliwa kabla ya safari. Katika baadhi yao, ukisimama kuweka mafuta, ukazima na kuwasha bila kugusa mlango ule, kumbukumbu inafutika na kengele hailii. Zipo rada zinazohisi pumzi ya mtoto, nazo ndizo za maana, ila bado ziko kwenye magari machache.

Gari likiwa limeegeshwa nyumbani lifungwe muda wote, funguo ziwe juu asipofika. Mtoto akianza kutembea atavuta mlango, aingie kucheza, kisha ashindwe kutoka kwa sababu loki ya watoto inazuia kufungua kwa ndani. Akipotea ghafla, angalieni kwanza penye maji, kisha gari, na buti pia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu toleo la 2002 yana kishikizo kinachong'aa gizani ndani ya buti. La kwenu likaguliwe kama kipo. Akifika miaka mitatu mfundishe kupanda mbele na kubonyeza honi. Honi za magari mengi hulia hata ufunguo haupo, lakini jaribuni yenu.

Hilo la kumwacha makusudi "dakika mbili tu" sitalirefusha. Kiyoyozi kinaweza kuzimika, foleni inaweza kurefuka, gari linaweza kuibwa naye ndani. Mnashuka naye. Hapo ndipo mimi naona sheria ina haki ya kuwa kali. Kwa aliyesahau sijui kifungo kinamzuia nani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujidhania atasahau. Sheria za huku zenyewe zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na kesi mbili zinazofanana zinaweza kuishia pasipofanana kabisa.

Mkimkuta mtoto wa mtu ndani ya gari lililofungwa, mmoja apige simu ya dharura, mwingine ajaribu milango yote minne. Akiwa amelegea au haitikii, vunjeni kioo kilicho mbali naye. Pigeni pembeni karibu na kona kwa kitu kigumu chenye ncha, kama spana ya tairi, maana katikati kioo hunesa. Kioo cha mbele msihangaike nacho, kina utando katikati na hakimwagiki. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mlowesheni maji ya baridi mwili mzima huku mkimpepea bila kuacha. Asipewe cha kunywa ikiwa hajielewi. Wala dawa ya homa isitolewe: hii si homa, ni joto lililoingia kutoka nje, na dawa ile haina pa kulishika. Asipopumua, anzeni kukandamiza kifua mara 30 kwa pumzi 2.

Msomee shemeji barua hii jioni, akiwa ameshapumzika. Kisha Jumatatu, kabla ya siku ya kwanza, piga simu kituoni uwape zile namba tatu, uwaombe wazisome moja moja huku ukisikiliza.

Wako akupendaye,
Dada yako